Ukuta wa Miti Myekundu

Watu wanaosema kivuli ni cheusi hawajawahi kukitazama. Najua nitaudhi watu, na mmoja wao alinifundisha darasa la tatu, lakini siombi radhi. Kwetu Mpanda, mwezi wa tisa, saa tisa alasiri, kivuli cha mti kilicholala juu ya vumbi kina bluu ndani yake, kina zambarau pia, na pale ukingoni kinapokutana na jua kuna uzi mwembamba wa rangi ya chungwa. Nenda ukatazame. Ukirudi ndipo tubishane.

Shuleni rangi tulifundishwa kama tulivyofundishwa jedwali la kuzidisha, kwa kuimba. Majani kijani, shina kahawia, mbingu bluu, kivuli nyeusi. Siku moja tuliambiwa tuchore mti. Mimi nilichora mti uliokuwa nje ya dirisha la darasa, na wiki ile ulikuwa umetoa majani mapya mekundu, kama miti ya pori letu inavyofanya kila mwaka kabla ya mvua za kwanza. Mwalimu akaupiga mkasi mkubwa, ile alama ya kosa, kwa kalamu yake nyekundu, na hiyo ndiyo nyekundu pekee iliyoruhusiwa kwenye karatasi ile. Nilikaa nikiutazama mti, nikimtazama na mwalimu, nikashindwa kuelewa kwa nini asigeuze shingo tu. Hasira ile sijaimaliza mpaka leo.

Miaka ya tisini ilinikuta nimekuwa mchora mabango. Fundi aliyenifundisha herufi alirudi kwao Tabora kwa treni, akaniachia brashi zake na ngazi ya miti. Nilivaa suruali ndani ya kitenge nikapanda ngazi, nikaandika milango ya maduka, saluni na mashine za kusaga, na watu wa Kawajense, mtaa wetu, wakasema waliyosema. Mama hakupenda. Alikuwa mjane, tena kiongozi wa jumuiya yetu ya kanisa, ile ya familia jirani wanaokutana kusali nyumba kwa nyumba, kwa hiyo kila neno lililosemwa juu yangu lilimfikia yeye kwanza. Lakini herufi zangu zilinyooka na watu walinitafuta, akanyamaza.

Mama naye alikuwa na kazi yake ya rangi, ingawa hakuiita hivyo. Kila kiangazi, mavuno yakishaingia ndani, akina mama wa mtaa walisiriba upya nyumba zao za tofali mbichi. Walichota udongo mweupe kando ya kijito, mwekundu kwenye kichuguu, wakachanganya na majivu, wakapaka kwa kiganja. Kuta za pembeni unaweza kupaka upendavyo, lakini ukuta wa mbele, unaotazama njia, ndio sura ya mama mwenye nyumba. Ukiwa na mabaka, watu wanasema mwenyewe ana mabaka. Mama aliupaka wake mweupe mtupu, na chini mstari mwekundu wa upana wa kiganja, na hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuugusa, hata mimi.

Mwaka mmoja, kiangazi kikielekea mwisho, nilikwenda Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, ambako mama mdogo alikuwa ameolewa. Wavuvi walitaka majina ya boti zao yaandikwe upya. Nilipomaliza boti, sista mmoja mzee wa misheni, Mfipa, aliyesimamia chumba cha kushonea, akaniomba nimwandikie mlango. Ndani, juu ya cherehani, palikuwa na kalenda ya Ulaya iliyokwisha muda miaka mingi. Masista wa Kizungu waliiacha walipoondoka, naye hakuitupa kwa sababu ya picha zake.

Nilisogea nikaitazama kwa karibu. Niliona madoa tu. Doa la waridi, doa la bluu, doa la njano, yamerundikana kama mtu alikuwa anafutia brashi.

"Sista, huyu aliyechora alikuwa mvivu," nilimwambia.

"Rudi nyuma."

"Niende wapi?"

"Rudi mpaka mlangoni, ndipo utazame."

Nilirudi mpaka mlangoni. Madoa yakawa shamba, na katikati ya shamba rundo la nyasi kavu, na jua linazama nyuma yake. Kivuli cha rundo lile kilikuwa cha bluu. Hakikuwa cha kubahatisha. Mtu alikiona, akachovya brashi kwenye bluu, akaipaka makusudi. Nilifungua ukurasa mwingine. Palikuwa na mto, na maji yake hayakuwa na rangi yake yenyewe, yalikuwa na rangi za kila kilichokuwa juu yake. Palikuwa na njia yenye theluji, kitu nilichokijua kwa kusikia tu, na theluji ile nyeupe haikuwa nyeupe popote.

"Hawa walikuwa wachoraji wa Ufaransa, zamani," sista alisema, mguu wake ukiendelea kukanyaga cherehani. "Walichoka kuchorea ndani ya nyumba, wakatoka nje na rangi zao. Nilivyoelezwa mimi, hawakuwa wanachora mti. Walikuwa wanachora mwanga ulioushika mti. Mwanga ukihama, wanaweka ile picha pembeni, wanaanza nyingine. Rundo lile lile, mti ule ule, mara nyingi. Watu waliwacheka sana, wakasema hawajui kuchora."

"Wakaacha?"

"Wangeacha, ungezionea wapi?"

Nilitoka pale nimekasirika. Sikukasirikia Wafaransa, niliwakasirikia walimu wangu wote. Nilikwenda moja kwa moja ufukweni na paketi ya bluu ya kufulia niliyokuwa nimenunuliwa na mama mdogo kwa ajili ya mashuka. Jua lilikuwa limeegemea upande wa Kongo. Boti moja ilikuwa imevutwa juu ya mchanga, kivuli chake kimelala pembeni. Nikachuchumaa, nikaiweka paketi ndani ya kivuli, nikafinya macho.

Mwenye boti akaja. "Dada, umepoteza kitu?"

"Hapana. Natazama kivuli."

"Kivuli kinatazamwa?"

"Hiki kina bluu. Hebu njoo uone."

Alikuja, akachuchumaa kwa adabu, akatazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Kisha akasema nisikae sana juani bila kofia. Nilicheka, lakini moyoni nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata kwa herufi. Bluu ilikuwepo. Ilikuwepo siku zote, wakati sisi tunaimba nyeusi.

Nilirudi Mpanda juu ya lori la samaki wakavu. Barabara inapita porini, na ulikuwa wakati ule ule wa mwaka ambao mwalimu aliupiga mkasi mti wangu. Miyombo na mitundu ilikuwa imetoa majani mapya, na hakuna hata mmoja uliokuwa wa kijani. Kulikuwa na nyekundu ya damu ya mzee, waridi ya kiganja cha mtoto, rangi ya shaba, rangi ya mvinyo wa misa. Moshi wa mioto ya porini ulikuwa umetanda, jua likipita ndani yake likatoka limekuwa la dhahabu hafifu, na vivuli vilivyokatiza barabara vilikuwa vya zambarau. Nilimshika bega mama mmoja wa Katumba aliyekaa juu ya gunia jirani yangu, nikamwambia aangalie. Aliangalia kulia na kushoto, akauliza nimeona mnyama gani.

Sikumcheka. Nilikuwa nimepita barabara ile mara nyingi na mimi, nikiona pori tu.

Mwezi wa pili, mvua zikiwa zimekolea, parokia ilimaliza kujenga ukumbi. Kamati ya ukumbi ikataka ukuta wa barazani, uliokingwa na bati, uchorwe mandhari ya kwetu kabla ya mgeni mkubwa kuja kuubariki. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mwalimu mstaafu. Ndiyo, yule yule. Aliniita binti, akanipa mkono, akasema mji mzima utaiona kazi yangu, na ikipendeza, mabango yote ya parokia na ya shule yatakuwa yangu. Mama alipika wali siku ile.

Ningeweza kuchora alichokuwa nacho kichwani. Vilima vya kijani, mto wa bluu, twiga mmoja. Mkono wangu ungemaliza hiyo kazi huku najiimbia. Lakini niliposimama mbele ya ule ukuta mtupu, nilijua kwamba nikichora kijani hapa, kwenye ukuta mkubwa kuliko zote nitakazopewa, basi ule mkasi wa darasa la tatu nitakuwa nimeutia sahihi mwenyewe.

Rangi za madukani zilikuwa chache, tena za makopo, zinang'aa kama masufuria. Nikaziacha. Nilichota udongo wa mama, mweupe na mwekundu, nikatafuta wa njano kwenye shimo la matofali, nikasaga mkaa, nikachukua bluu ya kufulia, nikachanganya kila rangi na uji wa muhogo ili ishike. Na hapo nilijifunza jambo ambalo kalenda haikuniambia. Udongo mwekundu na bluu ukivikoroga pamoja vinakufa, unapata tope. Ukiviweka jirani, doa kwa doa, kila kimoja kinamwamsha mwenzake, na kwa mbali unaona zambarau ambayo hukuipaka. Nilipaka kwa vidole na kwa kitambaa, nikitelemka ngazi kila mara kwenda kutazama kutoka barabarani. Nilichora barabara ya Karema, mwezi wa tisa, saa tisa, miti myekundu pande zote, moshi wa dhahabu, na vivuli vya bluu vimelala njiani.

Kamati ilikuja mchana. Walisogea karibu kabisa, pua ukutani.

"Shikamoo mwalimu," nilisema. "Ukirudi nyuma kidogo utaona vizuri."

Hakurudi. "Binti, huu ni moto?"

"Hapana mwalimu. Ni miti."

"Miti myekundu ni ya Ulaya. Nimeiona kwenye kalenda. Kule majani yanakuwa mekundu yakitaka kuanguka. Sisi tulisema mandhari ya kwetu."

"Hii ni ya kwetu. Ni mwezi wa tisa, njia ya Karema."

Akanyoosha kidole nje. Mvua ilikuwa imekatika, na kila kitu, kuanzia mahindi ya watu mpaka pori la mbali, kilikuwa kijani kibichi. Wanakamati wakageuka kuangalia, wakacheka. Mwenzangu alikuwa na ushahidi wa nchi nzima, mimi nilikuwa na maneno yangu peke yake.

"Na hiki kivuli," mwingine akasema, "nani alishaona kivuli kama maji ya kufulia?"

"Mimi," nikasema. "Na nyie mtaona mkitazama."

Mwalimu alipoa, akaongea kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma zaidi. Akasema nina mkono mzuri, kosa ni dogo, nipake kijani juu ya nyekundu na nyeusi juu ya bluu, mgeni aje, yaishe. La sivyo watapaka chokaa, na kazi ya parokia nisiifikirie tena. Wote walinitazama. Nilijua kabisa ninachokipoteza. Nilijua pia mama atalisikia kabla sijafika nyumbani.

"Pakeni chokaa," nilisema. "Chokaa angalau haisemi uongo. Mimi kijani sipaki."

Nilibeba ngazi yangu nikaondoka. Kabla jua halijazama vijana wawili walikuwa wameupaka ukuta wote, na mgeni alipokuja akabariki ukuta mweupe.

Mama alinisubiri mlangoni. "Umenivua nguo mbele ya watu," alisema. "Ungekufa ukiweka kijani kidogo?"

"Miti ile ni myekundu, mama."

"Hata kama ni myekundu! Wewe ni nani wa kumfundisha mwalimu wako?"

Sikujuta, na hilo lilimuumiza kuliko yote. Kazi zilipungua. Wenye maduka walikuwa wanakamati, au jamaa za wanakamati. Kwenye jumuiya wengine walimuuliza mama kama binti yake anaumwa. Aliendelea kuongoza sala, lakini alirudi nyumbani mapema, na kwa miezi ile tuliongea mambo ya chumvi na maji tu. Nililia, ndiyo, tena sana. Lakini kila nilipolia nilikuwa nalia kwa hasira, si kwa kutaka kurudi nyuma.

Kiangazi kikaja. Akina mama wa mtaa wakasiriba nyumba zao. Mama alisiriba kuta za pembeni na nyuma, ule wa mbele akaupaka tabaka la chini la kijivu, akauacha hivyo, wiki baada ya wiki. Watu walipita wakiutazama. Nilidhani huzuni imemshika, nikaogopa kuuliza.

Mwezi wa tisa akaniambia nimsindikize kuchota udongo mweupe. Tuliondoka alasiri na ndoo zetu, tukapita ng'ambo ya kijito mpaka pori linapoanza. Miti ilikuwa imefanya kazi yake ya kila mwaka. Nilikuwa nimejiapiza kwamba sitamwonyesha mtu tena kitu kwa kidole.

Mama alitua ndoo. Akasimama katikati ya njia, kichwa amekiinua, kanga imemteleza mabegani. Jua lilikuwa linapita ndani ya majani yale na kuwasha kila moja, na uso wake ulikuwa umepata waridi. Kisha akatazama chini, kwenye kivuli cha mti uliokuwa karibu, akainama, akakitazama kwa muda mrefu.

"Nimezaliwa huku," alisema. "Miaka yote napita hapa natazama chini, natafuta kuni."

Nilimsogelea. Hakunitazama.

"Ule ukuta wa mbele nimekuachia," akasema. "Lakini usinipakie ovyo. Ni ukuta wangu."

Niliupaka kwa udongo tuliochota pamoja. Yeye alikoroga uji wa muhogo, akanilaumu kwamba ni mzito, akakoroga tena. Aliponiona natelemka ngazi kila mara kwenda kusimama njiani, na yeye akaanza kutelemka baraza na kusimama pembeni yangu, mikono kiunoni. "Hicho kivuli kimelala sana," alisema mara moja. "Saa tisa hakilali hivyo." Nikatazama. Alikuwa sahihi, nikakifuta.

Njia inayopita mbele ya nyumba yetu ndiyo inayokwenda kanisani. Jumapili iliyofuata watu walipunguza mwendo, wengine wakasimama. Wakacheka, wakaoneshana, watoto wakagusa. Mwalimu naye akaja, na suti yake ya misa, na mwavuli. Nyuma yake, juu ya mabati ya Kawajense, kulikuwa na kilima chenye miti iliyowaka nyekundu kutoka chini mpaka juu. Aliutazama ukuta, akageuka akakitazama kilima, akarudi ukutani. Nilisubiri. Niseme kweli, nilikuwa nimengoja dakika ile tangu darasa la tatu.

"Mwaka huu miti imetoka vibaya," mwalimu alisema. "Ni hizi mvua kuchelewa."

Damu ikanipanda kichwani, nikafungua mdomo. Lakini mama alikuwa ameshanitangulia. Alipiga goti kidogo, kama alivyomsalimia siku zote.

"Shikamoo mwalimu. Karibu sana. Ila hapo umekaribia mno, huwezi kuona kitu. Rudi nyuma." Mwalimu akasita. "Rudi tu, mwalimu. Rudi mpaka barabarani kule."

Maneno yale ya sista sikuwahi kumsimulia mama. Na mwalimu, kwa kuwa watu walikuwa wanatazama na mama wa watu amemsalimia kwa heshima, alirudi, hatua kwa hatua, na mwavuli wake, mpaka ng'ambo ya njia. Alisimama pale. Sijui alichokiona, na mimi sikumuuliza. Kengele ikalia, akaenda misani.

Mvua za kwanza zilikuja na upepo wa mbele, zikaupiga ukuta, na udongo ukaanza kutiririka. Nyekundu ilishuka hadi kwenye bluu, yote ikashuka hadi msingini, na wapita njia wakasema basi, limekwisha. Ukuta wa ukumbi ulibaki mweupe, safi, bila kosa lolote. Nilisimama barazani nikitazama miti yangu inavyokwenda na maji, na mama akatoka ndani anafuta mikono.

"Mwakani tutapaka miti ya saa ngapi?" aliuliza.

"Ya asubuhi," nilimwambia. "Jua likiwa linatoka."

"Basi itabidi unitengenezee njano ya kutosha," alisema, akaenda kukinga maji.